Oliver Heaviside: mpweke aliyetambua jinsi sauti inavyosafiri ndani ya waya wa redio

Fundi wa ndege anapochagua kiunganishi cha kufunga mwishoni mwa waya wa antena, anafuata kanuni zilizoanzishwa na mtu ambaye hakusoma chuo kikuu, aliyeacha kazi yake pekee ya mshahara akiwa na miaka 24, na ambaye kwa miaka mingi alichukuliwa na wakubwa wa fani yake kuwa msumbufu anayeandika mambo yasiyosomeka. Mtu huyo ni Oliver Heaviside, Mwingereza aliyefariki dunia Februari 1925, wakati ambapo ndege ilikuwa bado kitu cha ajabu katika anga la Afrika Mashariki.

Kazi yake imetuzunguka bila sisi kuiona. Katika mitaa ya jiji la Mbale, mashariki mwa Uganda, Malukhu ukiwa mmojawapo, kebo nyeusi au nyeupe hushuka kutoka kwenye dishi la televisheni, hupita juu ya dirisha na kuingia sebuleni. Ukiikata utakuta waya mmoja katikati, plastiki nene inayouzunguka, wavu wa nyuzi za chuma juu ya plastiki hiyo, kisha ganda la nje. Kilomita takriban 100 kaskazini-magharibi mwa Mbale, mjini Soroti, kuna chuo cha usafiri wa anga kilichoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambacho hufundisha marubani na mafundi wa ndege. Kebo inayounganisha redio na antena katika ndege ndogo za mafunzo inafanana kwa sura na ile ya sebuleni, lakini si kebo moja. Ya televisheni ina impedansi ya omu 75. Ya ndege ina omu 50. Neno impedansi lenyewe ni la Heaviside, aliyelibuni mwaka 1886, na hataza ya kwanza ya kuweka waya mmoja ndani ya mwingine kwa mpangilio huo ni yake pia.

Mtoto wa Camden Town

Heaviside alizaliwa tarehe 18 Mei 1850 katika mtaa wa Camden Town, London, akiwa mdogo kabisa kati ya wavulana wanne. Baba yake, Thomas, alikuwa mchongaji wa picha kwenye mbao, ufundi ambao upigaji picha ulikuwa umeanza kuunyang'anya soko. Nyumba ilikuwa na uhaba, na mtaa ulikuwa na kelele na moshi. Akiwa mdogo aliugua homa ya skaleti, maradhi ya watoto yanayoleta vipele vyekundu, na yakamwacha na usikivu hafifu. Mtoto asiyesikia vizuri hachezi kwa urahisi na wenzake barabarani. Upweke wake ulianzia hapo, na ingawa usikivu ulimrudia kwa kiasi alipokua, upweke haukumwacha.

Shuleni alikuwa hodari. Katika mtihani wa mwaka 1865 alishika nafasi ya tano kati ya watahiniwa zaidi ya 500, ingawa somo la jometri, lililofundishwa kwa kukariri hoja za Wagiriki wa kale, lilimchukiza. Akiwa na miaka 16 aliacha shule kwa kuwa familia haikuweza kumlipia zaidi.

Bahati yake ilikuwa ya ukoo. Dada ya mama yake alikuwa ameolewa na Charles Wheatstone, mmoja wa waanzilishi wa telegrafu nchini Uingereza. Mjomba huyo wa ndoa aliwaelekeza vijana wa nyumba ile kwenye umeme. Kaka yake Arthur aliingia kwenye kazi ya telegrafu huko Newcastle, na mwaka 1868 Oliver akapelekwa Fredericia, Denmark, kuwa mpokeaji na mtumaji wa ujumbe kwenye kebo ya chini ya bahari kati ya nchi hiyo na Uingereza. Baadaye alirudi Newcastle akiwa mpokeaji mkuu.

Hapo ndipo alipokutana na tatizo lililomshughulisha maisha yote. Ishara iliyotumwa upande mmoja ikiwa kali na ya ghafla, ilifika upande wa pili ikiwa imevimba na kuchanganyika na iliyoitangulia. Mtu akituma upesi mno, hakuna aliyeelewa kitu. Lilikuwa pia tatizo la fedha na la dola: mwaka 1879 kebo ya telegrafu ilitandazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini, na kila ujumbe uliopita humo ulisafiri kwa mwendo ambao maumbile ya waya yaliuruhusu.

Mwaka 1873 alikiona kitabu kipya cha James Clerk Maxwell kuhusu umeme na sumaku. Hakukielewa, kwa kuwa hesabu alizozijua hazikutosha. Mwaka uliofuata aliacha kazi, akarudi kwa wazazi wake na kujifungia chumbani ili akielewe. Hakuajiriwa tena hadi kufa kwake. Kwa familia yoyote ya kawaida, ya London au ya Mbale, kijana anayeacha mshahara ili asome kitabu kimoja ni msiba. Wazazi wake walimvumilia, na kaka zake walimsaidia.

Waya ndani ya waya

Kabla yake, wataalamu waliihesabu kebo kwa mambo mawili: ukinzani wa waya, na uwezo wa kebo kuhifadhi chaji. Heaviside aliongeza mawili mengine, yaani indaktansi, ambayo ni tabia ya waya kupinga mabadiliko ya mkondo kwa sababu ya usumaku wake, na uvujaji wa umeme kupitia kihami. Kwa mambo hayo manne aliandika milinganyo inayoeleza safari ya ishara yoyote katika njia yoyote ya waya. Wahandisi wa leo huita milinganyo hiyo ya telegrafu, ingawa telegrafu yenyewe imekufa. Hutumika vilevile kwa njia ndefu za umeme mkubwa kama zile zinazotoka kwenye mabwawa ya Jinja kuelekea mashariki.

Jambo kubwa alilolitambua lilikuwa mahali nishati inapopita. Wengi walidhani umeme hutiririka ndani ya waya kama maji ndani ya bomba. Heaviside, akimfuata Maxwell, alionyesha kwamba nishati husafiri katika nafasi inayouzunguka waya, na waya huielekeza tu. Katika kebo yenye waya ndani ya wavu, nishati hupita katika ile plastiki ya katikati. Ndiyo sababu unene wa plastiki, aina yake, na uwiano kati ya kipenyo cha waya wa ndani na kile cha wavu ndivyo vinavyoamua impedansi. Fundi akichukua mita yake ya kawaida na kupima kebo ya omu 50, hataiona namba hiyo popote, hata kebo iwe na urefu gani. Ni tabia ya wimbi linapokuwa safarini, na mita ile hupima waya uliotulia.

Mwaka 1880 alisajili hataza nchini Uingereza kwa wazo la kuuweka waya mmoja ndani ya mwingine ili nyaya zilizopangwa sambamba zisiingiliane. Hakupata hata senti. Matumizi makubwa ya kebo ya namna hiyo yalisubiri hadi Lloyd Espenschied na Herman Affel wa kampuni ya simu ya AT&T, Marekani, walipoiandikia hataza mpya mwaka 1929, na wakati huo Heaviside alikuwa kaburini.

Kati ya mwaka 1884 na 1885 alifanya kazi ambayo ingetosha kumpa mtu yeyote jina. Aliichukua milinganyo 20 ya Maxwell, akaipanga upya kwa lugha ya vekta na kubakiza minne. Wanafunzi wa fizikia kuanzia Makerere hadi Dar es Salaam huikariri minne hiyo kwa jina la Maxwell, na wachache huambiwa ni nani aliyeiandika hivyo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo si dhuluma: Heaviside mwenyewe hakuacha kusisitiza kwamba wazo lilikuwa la Maxwell.

Ugomvi na Posta

Dhuluma ilikuwa kwingine. Milinganyo yake ilimpeleka kwenye hitimisho lililowashangaza watu wote. Ishara huharibika kwa sababu sehemu zake mbalimbali husafiri kwa kasi tofauti, kama wanariadha wa Kapchorwa walioanza pamoja na kufika mmoja mmoja. Heaviside alionyesha mwaka 1887 kwamba zote zinaweza kufika pamoja iwapo uwiano kati ya ukinzani na indaktansi utalingana na uwiano kati ya uvujaji na uwezo wa kuhifadhi chaji. Kwa vitendo, ilimaanisha kwamba njia ya simu iongezewe indaktansi.

William Preece, fundi mkuu wa umeme katika Posta ya Uingereza, aliamini kinyume kabisa. Kwake indaktansi ilikuwa adui wa simu. Preece hakuwa mjinga. Alikuwa mtendaji mwenye uzoefu mkubwa, na baadaye alimsaidia kijana Marconi. Lakini hakupenda hesabu, na hakupenda kusahihishwa na mtu asiye na cheo. Oliver na Arthur, ambaye alikuwa mwajiriwa wa Posta hiyo hiyo, walipoandaa makala ya pamoja, Preece aliizuia. Mwaka huo huo mhariri wa jarida la wahandisi wa umeme lililokuwa likichapisha makala za Heaviside aliondoka, na mfululizo wake ukasitishwa.

Ukweli mwingine nao usemwe. Heaviside aliandika kwa namna ngumu, akaruka hatua ambazo kwake zilikuwa dhahiri, akabuni alama zake mwenyewe, na alipowataja wapinzani wake alitumia kejeli kali. Msomaji aliyekuwa tayari kumwelewa ilimlazimu kutoa jasho.

Mwaka 1888 mambo yaligeuka. Heinrich Hertz, Mjerumani, alithibitisha kwa majaribio kuwa mawimbi ya Maxwell yapo, na wanasayansi wakubwa wakaanza kumtafuta yule aliyekuwa ameyahesabu kutoka chumbani. Mwaka 1891 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kabisa ya kisayansi nchini mwake. Ila faida ya wazo la indaktansi ilikwenda Marekani. George Campbell wa AT&T, na Michael Pupin, mhamiaji wa Kiserbia aliyekuwa profesa Chuo Kikuu cha Columbia, walilifanya kuwa koili za kufungwa kwa vipimo kwenye njia za simu. Pupin alipata hataza mwaka 1900, akaiuza kwa AT&T na kuwa tajiri. Inasimuliwa kwamba kampuni hiyo ilikuwa tayari kumlipa Heaviside pia, naye akakataa kupokea chochote isipokuwa kwanza itambuliwe kwamba wazo lilikuwa lake. Wakati huo aliishi kwa hisani ya ndugu na pensheni ya serikali ya pauni 120 kwa mwaka, ambayo aliikubali mwaka 1896 baada ya marafiki kumshawishi kuwa ni heshima, si sadaka.

Kiunganishi kinachoifaa ndege

Urithi wake hupimwa pale kebo inapokatika na kuunganishwa. Mtu akipaza sauti chini ya jabali la Wanale, linaloinuka juu ya Mbale, sehemu ya sauti yake humrudia kwa kuwa imekutana na kitu tofauti na hewa. Wimbi la redio ndani ya kebo hufanya hivyo hivyo kila linapokutana na impedansi tofauti. Kebo ya omu 75 ikifungwa kwenye redio ya omu 50, hesabu ya Heaviside hutoa jibu kamili: asilimia 4 ya nguvu hurudishwa katika kiungo hicho.

Asilimia 4 pekee haimnyamazishi rubani. Hatari ya kutumia vifaa vya televisheni kwenye ndege iko zaidi katika umbo la kiunganishi. Kile cha dishi hakina pini yake; hutumia waya wenyewe wa katikati ya kebo, uliochomoza milimita chache. Nyumbani kinatosha, kwa kuwa nyumba haitetemeki. Katika ndege ya injini moja mtetemo hauishi tangu injini inapowashwa, baridi ya angani hubadilishana na joto la uwanjani, na umande huingia. Waya ule hulegea, wavu hushika kutu, na mara impedansi mahali hapo haijulikani tena. Rubani anaweza kuendelea kumsikia mwongozaji wa ndege huku mwenyewe hasikiki, hali ambayo ni mbaya kuliko ukimya wa wazi, kwa sababu haigunduliki upesi.

Kwa hiyo mafundi wa ndege hutumia viunganishi vilivyobuniwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili na baada yake, ambavyo umbo lake la ndani huendeleza impedansi ya kebo bila kuivunja. Paul Neill wa maabara za Bell alibuni kile cha aina ya N, na Carl Concelman wa kampuni ya Amphenol kile cha aina ya C; herufi hizo ni za majina yao ya ukoo. Kutokana na hao wawili kulipatikana BNC, kidogo, cha kusukuma na kuzungusha kidogo kikajifunga. Ndicho kilichozoeleka kwenye redio za mazungumzo ya ndege, zinazofanya kazi kati ya megahezi 118 na 137. Ndugu yake TNC ana hesi badala ya kufuli la kuzungusha, hivyo hakitikisiki kirahisi, na hupendelewa kwa transponda, inayojibu rada kwenye megahezi 1090, na kwa antena za kupokea setilaiti za kuongoza njia. Kile kikubwa cha hesi kinachojulikana kama UHF, kilichozoeleka kwenye redio za magari na za wapenzi wa redio, hakishiki impedansi moja kutoka mwanzo hadi mwisho wake, na licha ya jina lake hakifai masafa ya juu.

Kebo yenyewe nayo huchaguliwa. Ile ya zamani, RG-58, ina plastiki ya kawaida inayolainika kwa joto, na ganda linalotoa moshi wenye sumu likiungua. Karibu na injini, waya wa katikati unaweza kuhama taratibu ndani ya plastiki iliyolainika hadi ukakaribia wavu. RG-400, yenye wavu mara mbili na kihami kinachostahimili joto la nyuzi 200, ni ghali zaidi, na ndiyo inayotakiwa. Kila kebo ina kiunganishi cha vipimo vyake, na kila kiunganishi kina koleo lake la kukibania. Fundi anayebana kwa koleo la kukisia huacha kasoro isiyoonekana kwa macho. Kwa kifaa cha dharura kinachotakiwa kupiga mbiu baada ya ajali, kwenye megahezi 406, kasoro hiyo ni uhai wa mtu: mara kadhaa wachunguzi wamekikuta kifaa kizima, kebo yake ikiwa imechomoka.

Tabaka la angani na miaka ya mwisho

Masafa hayo ya juu yana udhaifu wake: husafiri kwa mstari ulionyooka. Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, una urefu wa mita 4,321, na ndege ndogo iliyo chini upande mmoja wake haiwezi kuzungumza na kituo kilicho upande wa pili. Ndiyo sababu ndege za safari ndefu hubeba pia redio ya masafa mafupi, ambayo mawimbi yake hupanda juu na kurudishwa ardhini mbali sana. Wasikilizaji wa zamani wa redio katika Afrika Mashariki wanayafahamu masafa hayo, pamoja na sauti inayofifia na kurudi nyakati za usiku.

Hapo tena tunamkuta Heaviside. Marconi alipovusha ishara juu ya Bahari ya Atlantiki mwaka 1901, hakuna aliyeweza kueleza jinsi mawimbi yalivyofuata mviringo wa dunia. Mwaka 1902 Heaviside, ndani ya makala aliyoiandikia ensaiklopidia ya Britannica, alidokeza kwamba huenda kuna tabaka juu angani linalopitisha umeme, na mawimbi huenda yamenaswa kati yake na bahari. Arthur Kennelly alikuwa ametoa wazo hilo hilo Marekani miezi kadhaa kabla, na kwa muda mrefu tabaka hilo liliitwa kwa majina yao mawili.

Wazazi wake walikuwa wamefariki, na mwaka 1908 alihamia Torquay, mji wa pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza, nyumbani kwa Mary Way, shemeji ya kaka yake Charles. Hakuwa mgeni mwepesi. Aliugua mara kwa mara, aliihofia baridi mno, na alifunga madirisha na kuwasha moto wa gesi hadi wageni wakashindwa kupumua. Mwanamke huyo alivumilia miaka kadhaa kisha akaondoka, na Heaviside akabaki peke yake katika nyumba kubwa, akigombana na kampuni ya gesi kuhusu malipo na akikabiliwa na watoto wa mtaa waliomrushia mawe. Inasimuliwa kuwa aliweka mawe makubwa ya granaiti ndani badala ya samani.

Mwaka 1922 taasisi ya wahandisi wa umeme ya Uingereza ilianzisha nishani ya Faraday, na wa kwanza kabisa kutunukiwa alikuwa yeye. Hakusafiri kwenda London kuipokea. Ilipelekwa nyumbani kwake. Desemba 1924, Edward Appleton na Miles Barnett walifanya majaribio yaliyothibitisha kuwa tabaka la angani lipo kweli, kazi ambayo ilimpa Appleton tuzo ya Nobel mwaka 1947. Majuma machache baada ya majaribio hayo Heaviside, aliyekuwa amedhoofika baada ya kuanguka kutoka kwenye ngazi, alikutwa akiwa hoi na kupelekwa hospitali ndogo ya Torquay. Alifariki dunia tarehe 3 Februari 1925 akiwa na umri wa miaka 74, hakuoa wala hakuacha mtoto. Alizikwa Paignton, katika kaburi moja na wazazi wake, na madaftari yake yenye hesabu zilizobanana hadi pembeni mwa kurasa yamehifadhiwa London na taasisi iliyorithi ile iliyompa nishani.